Ukurasa wa Mwisho wa Toleo la Saba

Jioni ile nilifunga duka la dawa robo saa kabla ya muda, jambo ambalo sikulifanya hata wiki ya harusi ya dada yangu. Mteja wa mwisho alitaka dawa ya kikohozi. Nilimpa, nikamwelekeza namna ya kunywa, nikamsindikiza mlangoni kwa tabasamu la kumfukuza. Sikuvua hata koti langu jeupe la kazini. Gundi, fundi wangu wa vitabu, alikuwa amenipigia simu mchana.

"Dokta, mzigo wako tayari. Njoo kabla giza halijaingia."

Watu wazima wenye akili zao timamu hukusanya viwanja. Mimi nakusanya vitabu vya katuni. Wateja wangu wakijua watanicheka mpaka wapone bila dawa, lakini ndiyo hivyo. Wala sikusanyi katuni zozote tu. Natafuta matoleo ya zamani ya mashujaa, yale ambamo adui mkubwa anaonekana kwa mara ya kwanza. Shujaa hana maajabu. Kila wiki anaruka, anapiga ngumi, anashinda. Adui ndiye anayekufanya ununue toleo linalofuata. Kwa hiyo sisi wakusanyaji tunagombana kama watoto kuhusu lini hasa adui fulani alizaliwa. Je, ni pale kilipoonekana kivuli chake tu ukurasa wa mwisho, au ni toleo lililofuata, alipoonekana mzima? Nimewahi kununiana na mtu miezi minne kwa swali hilo.

Ugonjwa huu niliambukizwa na baba. Alinifundisha kusoma kwa matoleo ya Ngao ya Shaba, yeye akisoma maneno ya shujaa na mimi ya maadui. Na katika maadui wote wa Ngao ya Shaba hakuna aliyemfikia Mpangaji. Mrefu, koti refu, kofia imeshushwa mpaka uso hauonekani, mkononi sanduku la safari. Havunji mlango wala haibi. Anabisha hodi, anauliza kama kuna chumba. Atakayemjibu "karibu" haonekani tena.

Toleo la nane linamkuta ameshaingia ndani, kwa hiyo tunajua Mpangaji alizaliwa katika toleo la saba, ukurasa wa mwisho kabisa, akiwa bado mlangoni. Shida ni kwamba nakala zote za toleo la saba nilizowahi kuziona, na nimeziona kumi na moja, hazina ukurasa huo. Wakusanyaji tunasema nyuma yake kulikuwa na kuponi ya kujiunga na klabu ya mashabiki, watoto wakaikata. Tuliridhika na maelezo hayo. Baba naye alisoma nakala isiyo na mwisho alipokuwa na miaka tisa, na kwa miaka sitini alikuwa analalamika.

"Nakufa bila kujua alibisha vipi," alikuwa akiniambia, nusu mzaha.

Mwaka huu mzaha uliisha. Daktari wa macho alituambia bila kuzungukazunguka kwamba baba ana miezi miwili ya kuona, mitatu akibahatika. Nilijifungia msalani hospitalini nikalia. Kisha nikampigia Gundi.

Gundi alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Kwa miaka kumi na moja alinitengenezea katuni zangu zote, akibadilisha pini zenye kutu na kuziba michaniko kwa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Alikula kwangu kila Jumapili. Alimwita baba yangu baba. Majirani walishaniozesha kwake midomoni mwao, na sikuwahi kuwakatalia kwa nguvu. Nilimwambia shida yangu, akasema anao ukurasa wa mwisho wa toleo la saba. Anao tangu zamani. Angeweza kuupandikiza kwenye nakala yangu.

Kupandikiza ukurasa wa nakala nyingine ni aibu katika kazi yetu. Mkusanyaji mwenye heshima huuliza: umetoka wapi, kwenye nakala ya nani? Mimi sikuuliza. Nilisema asante mara tatu.

Nilipofika karakana kwake taa ilikuwa imewashwa na mlango uko wazi. Kulinukia gundi ya wanga, kama siku zote, na chini yake harufu nyingine... dawa ya nondo, na unyevu wa sanduku lililofungwa miaka mingi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni benchi. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba cha mama yake mgonjwa, ambaye hakuwahi kunionyesha hata siku moja, na mlango wa chumba hicho ulikuwa umezuiwa kwa benchi zito tangu nimfahamu. Alisema mlango haufungi vizuri. Leo benchi lilikuwa limesogezwa. Chumba kilikuwa wazi, kimefagiliwa, dirisha limefunguliwa. Kitanda kitupu.

"Mama yuko wapi?"

"Amehama," alisema.

Nilidhani hawezi kulitamka neno lenyewe. Nikamshika bega. "Pole sana, Gundi. Lini?"

"Hajafa." Alikuwa anaongea chini chini, kama mtu aliye kando ya mtoto aliyelala. "Amehama tu."

Masikioni alikuwa na pamba. Hilo halikunishangaza, kila wiki alinunua pamba kwangu, akisema ni kwa ajili ya mashine ya kubania vitabu inayompigia kelele. Nilishawahi kumtania kwamba mashine ya mkono haipigi kelele. Alicheka sana siku hiyo, akabadilisha mazungumzo.

Toleo la saba lilikuwa mezani, limefungwa kwa karatasi ya kahawia. Nilinyoosha mkono, akaliwahi.

"Chumba alichokuwa analala dada yako," alisema, "bado kitupu?"

"Kitupu. Unataka kuhamia?" Nilijaribu kumchekesha.

Hakucheka. Alishika kifurushi kwa mikono miwili. "Unauchukua kwa hiari yako?"

"Tangu lini umekuwa hakimu, wewe?"

"Sema tu, Dokta. Tafadhali."

"Nauchukua kwa hiari yangu. Nipe, baba ananisubiri."

Alinipa. Akavuta pumzi ndefu. Halafu, taratibu, akatoa pamba kwenye sikio moja, kisha kwenye la pili, akasikiliza ukimya wa karakana yake huku machozi yakimshuka. Nilidhani analia kwa ajili ya mama yake. Nilimhurumia! Nilimhurumia, mjinga mimi.

Nilitaka kufungua nione kazi. Akaniwekea kiganja juu ya kifurushi.

"Usifungue hapa. Gundi haijakauka sawasawa. Ukilifungua sasa mgongo utapasuka. Lifungue nyumbani."

Mtu mwingine yeyote angechungulia. Muuza samaki angechungulia, na hakimu pia. Lakini mwambie mkusanyaji kwamba mgongo utapasuka, atabeba kifurushi hicho kilomita kumi bila kukitikisa. Nililikumbatia toleo langu kifuani nikatoka.

Nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini. Jua lilikuwa limezama, taa za barabarani zikiwaka moja moja. Nilipopita duka la vioo nikasikia kitu nyuma yangu.

Kwaa...

Kama kona ya chuma inaburutwa kwenye lami.

Kwaa... kwaa...

Niligeuka. Barabara tupu. Gazeti limelala katikati, halitikisiki. Nikaongeza mwendo, na ile harufu ya dawa ya nondo ikaniingia puani, kali kuliko kule karakana. Nilijiambia imeganda kwenye koti langu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Fundi viatu wa mtaa wetu alikuwa anafungafunga vitu vyake. Aliponiona aliinua mkono, kisha akatazama juu ya bega langu.

"Dokta, leo umepata mgeni?"

"Mgeni gani?"

Alitazama tena. Tabasamu likamtoka usoni. "Basi," alinong'ona. "Macho yangu haya." Akaingia ndani ya kibanda chake akavuta mlango, viatu vya watu vikabaki nje.

Nilifika mbio. Baba alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, lenzi yake ya mkono mapajani, amevaa shati lililopigwa pasi kama anakwenda kupokea mshahara.

"Umelipata?"

"Nimelipata, baba."

Alifunika uso kwa mikono. Kwa ajili ya dakika ile peke yake ningelipa chochote, na sikujua kwamba nilishalipa.

Nilinawa mikono, nikaikausha, nikatandika kitambaa safi mezani. Tulisoma kama zamani, yeye Ngao ya Shaba, mimi maadui wadogo wadogo. Aliyakumbuka maneno kabla hajayafikia. Alicheka palepale alipochekea utotoni. Tukafika ukurasa wa thelathini na moja, ambapo dunia nzima ya wakusanyaji huishia.

"Geuza, mama," akaninong'oneza. "Taratibu."

Nikageuza.

Picha sita. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anatembea jioni barabarani, amekumbatia kifurushi kifuani.

Amevaa koti jeupe.

Ya pili, mwanamke yule yule, na nyuma yake kivuli kirefu kinachoburuta sanduku. Ya tatu, mtu wa viatu, mkono juu, mdomo wazi. Ya nne, mzee ameinamia meza, lenzi mkononi.

"Huyu mchoraji alikuwa fundi," baba alisema kwa furaha. Macho yake hayakuona vizuri kiasi cha kujiona. "Mzee huyu ananikumbusha mtu."

Picha ya tano ilikuwa nyumba yenye madirisha manne. Matatu yalikuwa meusi. Katika dirisha la kwanza alisimama mwanamke mzee, kiganja kimebanwa kwenye kioo, kama anayesukuma. Jicho lake la kushoto lilikuwa limelegea kope. Jicho hilo nimelitazama kila Jumapili kwa miaka kumi na moja, mezani kwangu, likichagua kipande cha nyama.

Lilikuwa jicho la Gundi.

Ya sita ilikuwa mlango uliofungwa na mkono ulioinuliwa kubisha. Basi. Mpangaji mwenyewe haonekani.

Nilimwambia baba asubiri, nikaenda koridoni na simu. Hilo nalo ni kosa langu. Nilimwacha peke yake na ukurasa ule. Gundi alipokea kabla haijaita mara ya pili. Alikuwa anasubiri.

"Umeufungua," alisema.

"Mama yako yuko ndani ya picha. Gundi, mama yako yuko ndani ya picha!"

"Najua."

"Umefanya nini?"

"Niliupata ukurasa miaka kumi na miwili iliyopita, umekunjwa ndani ya kitabu cha mteja. Jioni ya kwanza Mpangaji alibisha, mama akamjibu. Mama alikuwa mkarimu, ungempenda." Alikuwa ananong'ona kwa haraka, kama anayesoma karatasi aliyoiandaa. "Mpangaji akahamia chumbani kwa mama. Kila jioni anabisha, anataka na mimi nimjibu. Miaka kumi na miwili, Dokta. Ukurasa hauungui. Ukiutupa unajikuta umeufuata mwenyewe. Unatoka tu ukishonwa kwenye kitabu chake, na mtu akaupokea kwa hiari."

"Wewe ni mtu wa nyumbani kwangu. Umekula kwangu."

"Niliwajaribu wengine watatu. Wote walitaka kufungua palepale. Mtu akiuona kabla hajaupeleka kwake, Mpangaji hamfuati. Wewe nilijua hutafungua. Wewe unaheshimu mgongo wa kitabu."

Nimetukanwa mara nyingi maishani. Hakuna tusi lililonikata kama sifa ile. Alinisoma kwa miaka kumi na moja kama anavyosoma karatasi, akajua nakunjika wapi, na siku ilipofika akanikunja hapohapo.

"Na chumba," nikasema. "Uliniuliza chumba."

"Nisamehe. Usijibu tu. Akibisha, usi..."

Ngo. Ngo. Ngo.

Sikusikia kwenye simu. Nilisikia kwenye mlango wetu.

"Hodi," ilisema sauti. Kavu, kama karatasi inayosuguliwa na karatasi. "Nimesikia mna chumba."

"Baba!" nilipiga kelele. "Baba, usim—"

Lakini baba yangu ni mtu wa aina gani? Ni mtu aliyeitikia hodi ya kila aliyepita mlangoni kwake, mwombaji, mdai kodi ya maji, jirani mwenye fitina. Hakuwahi kumwuliza mtu jina kabla ya kumkaribisha.

"Karibu!" alisema kwa sauti yake kubwa. "Karibu ndani, mlango uko wazi!"

Taa ikafifia. Ikarudi.

Kwaa... kwaa... kwaa... kwenye sakafu yetu. Taratibu. Kuelekea nyuma.

Niliposhika ukingo wa mlango wa sebule, kiti kilikuwa kitupu. Mto wake bado umebonyea. Lenzi ilikuwa juu ya ukurasa, inayumba, kana kwamba ameiweka sasa hivi. Huko nyuma mlango wa chumba cha dada ulifungwa kwa adabu, bila kishindo, na kitasa kikazungushwa kutoka ndani.

Sikutaka kutazama picha ya tano. Nilitazama.

Dirisha la pili halikuwa jeusi tena. Baba amesimama pale, shati lake lina mstari wa pasi begani. Hakuwa na lenzi. Macho yake yalikuwa wazi, makali, yananitazama mimi hasa, na mdomo wake ulikuwa umebaki katika umbo la neno alilolisema.

Simu ilikuwa bado mkononi. Gundi alikuwa ameshakata.

Polisi waliandika kwamba mzee asiyeona vizuri alitoka akapotea. Dada yangu alinitazama kaburini kwa mama yetu, kwa sababu hatukuwa na kaburi lingine la kulilia, akaniuliza kwa nini nilimwacha peke yake. Nilimdanganya. Hajaongea nami tangu siku hiyo na namwelewa. Karakana ya Gundi imefungwa, bango limeng'olewa, hakuna anayejua alikokwenda. Alinipigia mara moja tu, miezi sita baadaye, kwa namba nisiyoijua.

"Dokta... mama anaendeleaje?"

Niliutazama ukurasa. Mama yake alikuwa ameacha kusukuma kioo. Alikuwa amelipa dirisha mgongo.

"Njoo umwone mwenyewe," nikamwambia. "Chumba kipo." Akakata.

Utasema, nami niutoe. Wakusanyaji wananipigia. Yuko mwalimu mmoja ana nakala nzuri ya toleo la saba, imekosa ukurasa wa mwisho tu, na ni mtu wa kuosha mikono mara mbili kabla ya kugusa karatasi. Huyo hatachungulia. Nimeshajifunza kutumia gundi ya wanga, nimeshanunua pini. Mara mbili nimemwambia aje, mara mbili nimemfutia safari. Gundi alimfunga mama yake kwenye karatasi ya kahawia akamkabidhi kwa watu baki, akalala usingizi. Ukurasa ukitoka, baba anatoka nao. Nitamwambia mwalimu nini? Amgeuze taratibu?

Kwa hiyo tunaishi watatu, au wanne, sijui tunahesabiwaje. Kila siku jua likizama Mpangaji anatoka chumba cha nyuma mpaka mlango wa chumba changu. Ngo, ngo, ngo. Hodi. Nauma ulimi mpaka damu inatoka. Hujui "karibu" ni neno la haraka kiasi gani mpaka ukatazwe kulisema. Dukani wateja wakibisha hodi nawatazama tu, nao wanasema Dokta siku hizi ana maringo.

Miezi minane ilikuwa sauti ile ile kavu. Nilishaanza kuizoea.

Jana ilibadilika.

"Hodi, mama," ilisema nyuma ya mlango wangu. "Ni mimi. Fungua. Naona vizuri sasa."

Najua si yeye. Baba hakuwahi kubisha hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lakini ile "mama" aliitamka kama anavyoitamka yeye peke yake, akiivuta mwishoni, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kabla sijaukamata kwa mikono miwili.

Leo asubuhi nikauchukua ukurasa, nikauweka kwenye mwanga. Baba amesogea. Amehamia ukingoni mwa dirisha lake, karibu na la tatu ambalo bado ni jeusi, na kwa mara ya kwanza ameinua mkono, kiganja kikiwa kwangu, vidole vimetanuka. Nimekitazama kiganja hicho siku nzima. Duka sikufungua. Bado sijui kama ananizuia au ananiita, na huko nyuma kitasa kimeanza kuzunguka.